Mkoba Usio na Muhuri

Gundi alikuwa ameshaharibu mikoba miwili, na kaka yake alikuwa anakuja Jumapili.

Tuanze na jina, maana hakuna mama aliyezaa mtoto akamwita Gundi. Alipokuwa na miaka sita alikalia kigoda ambacho baba yake alikuwa amekimwagia gundi bila kujua, akaganda, na ikabidi gauni likatwe kwa mkasi wa ngozi ndipo mtoto apatikane. Mtaa ulicheka wiki nzima. Kigoda hicho bado kipo karakanani, kimeng'ang'ania kipande cha gauni la maua, na mwenyewe anakikalia kila siku akiwa na miaka arobaini na miwili, wala haoni haya. Ukimwita kwa jina lake la shule hageuki.

Baba yake alikuwa fundi wa mikoba. Ukitaka kumtukana, mwite fundi viatu. Kwa miaka hamsini alikuwa ametengeneza mkoba wa aina moja tu: wa ngozi ya kahawia, wa kuning'inia begani, uliokatwa kwa kipande kimoja kirefu kinachoanzia kwenye kifuniko, kikashuka mgongoni, kikapita chini na kupanda mbele. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala tangu augue kiharusi, na mguu wa upande ule aliuburuza. Ulimi, kwa bahati mbaya ya wenye nyumba, haukuguswa hata kidogo.

Kaka yake Gundi, dereva wa lori, ndiye aliyeamua kwamba mzee akaishi kwake, ambako wifi alikuwa nyumbani kutwa na hapakuwa na ngazi za kupanda. Baba alikubali bila ubishi, jambo lililowatisha wote wawili. Alikuwa na neno moja tu.

"Muhuri naondoka nao."

Muhuri wenyewe ulikuwa kipande cha shaba, urefu wake kama kidole gumba, na kwenye kitako chake palichongwa sindano mbili zilizopishana ndani ya duara. Hakuna mkoba uliotoka mlangoni pale bila alama ile. Gundi alikuwa amekata, ametoboa na kushona mikoba hiyo kwa miaka ishirini, lakini muhuri hakuwahi kuupiga hata mara moja. Kwa sheria ya Baba, anayepiga muhuri ni yule aliyeumaliza mkoba mwenyewe, tangu ngozi tupu mpaka bizimu ya mkanda, bila mkono wa pili kugusa. Na rangi alipaka Baba peke yake siku zote, katika chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa komeo. Mtaani walisema mzee anaficha siri ya rangi yake. Gundi naye aliamini hivyo, akanuna miaka ishirini.

"Sasa bila muhuri mimi nitakuwa nani, Baba?"

"Mshonaji," Baba alisema. "Wako wengi."

Neno hilo lilimchoma Gundi kuliko sindano zote zilizowahi kumchoma, na ni nyingi. Hakulia. Alivuka chumba, akasimama mbele ya kiti cha mzee, akaweka mikono kiunoni.

"Nipe ngozi."

 Baba akaonyesha kwa kidevu kabati la chini, ambamo zilikuwa zimebaki ngozi tatu nzuri za mgongo wa ng'ombe. "Tatu. Ukishindwa kwa tatu utashindwa kwa thelathini. Na sheria unaijua. Ukianza kupaka hakuna kuacha, hata nyumba ikiungua. Rangi ya spiriti inakauka ukipepesa macho. Pale utakaposimama patabaki mstari, na mstari haufutiki mpaka kiyama."

Mkoba wa kwanza ulimshinda kwa kosa la kitoto. Alijaribia rangi kwenye kipande cha ngozi ya tumbo kilichokuwa sakafuni, akaipenda, akaipaka kwenye ngozi ya mgongo. Sasa, ngozi ya tumbo ni laini, inakunywa rangi kama mlevi siku ya mshahara. Ngozi ya mgongo ni ngumu na ina maringo. Mkoba ukatoka na rangi ya chai ya mgonjwa. Baba aliushika, akaunusa, akaurudisha kwa ncha za vidole viwili, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Wa pili ulitoka vizuri, vizuri sana, mpaka ulipokauka. Hapo katikati ya kifuniko likatokea doa jeupe lenye mistari midogo ya mviringo. Lilikuwa dole gumba lake mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa amebandika kitambaa cha mfuko wa ndani, kisha akashika ngozi kabla ya kunawa vizuri, na penye gundi rangi haishiki.

"Angalau kila mtu atajua ni wako," alisema fundi saa.

Huyu fundi saa alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mzee wa rika la Baba, mwenye lenzi jichoni na pua katika mambo ya watu. Kila siku alikuja kuazima kitu asichokihitaji. Aliugeuzageuza ule mkoba wenye dole gumba, akacheka mpaka lenzi ikaanguka.

"Tia nyeusi, mwanangu, yaishe. Nyeusi inafunika kila kitu."

Ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga. Nyeusi hupakwa na yeyote. Ukikosea unarudia juu yake, na hakuna atakayejua. Lakini Gundi alitazama ukutani, juu ya meza ya kukatia, ambako kwenye msumari ulining'inia mkoba mmoja wa kahawia. Huo ulikuwapo tangu akiwa mtoto. Rangi yake ilikuwa sawa kutoka ncha hadi ncha, haina wingu, haina mstari, haina doa. Alikuwa ameutazama maisha yake yote kama kipimo. Mambo mawili tu kuuhusu hakuwahi kuyaelewa. La kwanza, haukuwa na muhuri. La pili, Baba alikuwa amekiweka kiti chake mahali ambapo akikaa anaupa mgongo. Aliwahi kumuuliza juu ya hilo la muhuri, akajibiwa kwamba huo ni wa mfano tu, arudi kwenye kazi yake.

"Sitii nyeusi," Gundi alimwambia fundi saa. "Nataka kama ule."

Fundi saa alifuata kidole chake mpaka kwenye msumari. Uso wake ukabadilika kidogo. Aliokota lenzi yake, akakumbuka kwamba ana saa ya mtu mezani, akaondoka bila kuazima kitu.

Ijumaa Gundi alijifunga kibwebwe. Alikata ngozi ya tatu kwa kisu alichokinoa mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Alikata mkanda kwenye uti wa mgongo wa ngozi, mahali pasipovutika, kisha mbavu mbili za pembeni. Alipunguza unene wa kingo ili mshono ulale. Alitoboa matundu kwa uma wa chuma na nyundo ya mti, moja baada ya jingine, yamelala upande mmoja kama mwandiko wa mwanafunzi mwenye adabu. Gundi ya kopo hakuigusa kabisa. Ilifungiwa kabatini, na ufunguo akaupa Baba.

"Umejifunza," Baba alisema.

"Nimelazimishwa."

"Ndiyo kujifunza kwenyewe."

Jumamosi mchana, mwanga ulipokuwa mzuri katika chumba cha nyuma, alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akaingia na ngozi yake. Baba alikuwa kwenye kiti chake karakanani, birika la chai karibu, redio inasema peke yake. Gundi alifunga mlango, akasukuma komeo. Hakujua kwa nini alilisukuma. Alikuwa amemwona Baba akifanya hivyo tangu utotoni, na alitaka kila kitu kiwe vilevile.

Aliipangusa ngozi kwa sifongo yenye maji kidogo. Alichovya pamba iliyofungwa kitambaani, akaikamua, akavuta pumzi. Alianzia kwenye ncha ya kifuniko, mkono ukizunguka duara ndogo ndogo, kila duara likigusa lililopita kabla halijakauka. Rangi iliingia vizuri. Iliingia kama ilikuwa inaijua njia. Gundi aliona kahawia ile ile ya msumarini ikizaliwa chini ya mkono wake. Baba alikuwa ameficha nini hasa miaka yote hii? Hapakuwa na siri yoyote humu, ila mkono na haraka.

Alikuwa amefika katikati ya kifuniko aliposikia kishindo.

Kilikuwa kishindo kizito, kisha sauti ya birika likibingirika. Kisha ikabaki redio.

"Baba?"

Mkono haukusimama. Ulizunguka duara moja, ukazunguka la pili.

"Baba!"

"Endelea!" Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu. "Usiache! Niko sawa! Endelea kupaka!"

Na Gundi aliitambua sauti ya mtu asiye sawa. Alitazama ngozi. Ukingo wa rangi ulikuwa unang'aa bado, umelowa. Ulikuwa unamngoja, lakini si kwa muda mrefu. Dakika tatu zingetosha kufika mwisho, nne kwa wingi. Miaka ishirini ilikuwa imelala pale mezani, na muhuri, na neno lile la mshonaji. Aliyaona yote. Asije mtu akasema hakuyaona.

Aliitupa pamba kwenye bakuli, akavuta komeo, akatoka mbio.

Baba alikuwa ameanguka kati ya kiti na meza, mguu mbovu umekunjwa chini yake, chai imemwagika imefika mpaka chini ya meza. Alikuwa amejaribu kujimiminia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. Alipomwona Gundi, badala ya shukrani aliporomosha matusi.

"Nimekwambia uendelee! Wewe ni kiziwi? Rudi! Rudi ndani!"

"Nyamaza, Baba."

"Inakauka!"

"Ikauke. Nishike shingo."

Alimwinua kwa kumkamata chini ya makwapa. Fundi saa, aliyesikia kishindo kupitia ukuta, aliingia akasaidia upande wa pili, wakamrudisha kwenye kiti. Hakuna kilichovunjika. Gundi alimsafisha kiwiko, akakifunga, akamfanya akunje na kunyoosha kila kinachoweza kukunjwa. Ndipo alipoona shati jeupe la Baba, lile la safari, limebaki na viganja viwili vya kahawia mbavuni, vidole kumi vyote vikihesabika. Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado imelowa rangi alipomwinua.

Baba alikuwa ameacha kutukana. Alikuwa anautazama mlango wa chumba cha nyuma, uliokuwa wazi, kwa namna ambayo Gundi hakuielewa.

"Umefungua," alisema polepole.

"Sasa ulitaka nipite dirishani?"

Fundi saa alikohoa, akaanza kupangusa chai sakafuni ingawa hakuna aliyemwomba.

Gundi alirudi chumbani. Ukingo ulikuwa umekauka. Alijaribu kuulainisha kwa spiriti, akajua kabla hajaanza kwamba anajidanganya. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, si sana, kadiri ya mtu anayejua kwamba bado ana kazi. Kopo la nyeusi lilikuwa kwenye rafu, usawa wa macho yake. Kulifungua tu, na kesho Baba angepewa mkoba mweusi usio na kosa. Alilitazama kopo lile mpaka akaona aibu kwa niaba yake.

Akasimama, akachovya pamba kwenye kahawia, akapaka sehemu yote iliyobaki, kutoka kwenye mstari mpaka mwisho, bila kusimama. Hasira ilimsaidia kasi. Ilipokauka, mstari ulikuwa pale pale, umekata kifuniko upande hadi upande, mweusi kidogo na uliopinda, kama alama inayobaki ukutani baada ya maji kujaa chumbani na kupungua.

Asubuhi ya Jumapili alishona. Sindano mbili, uzi mmoja uliopakwa nta, moja inaingia huku na nyingine kule, kaza, tundu linalofuata.  Aliharakisha mikono lakini si mshono. Kila kifundo alikikaza kana kwamba mkoba ule ungekaguliwa na malaika. Kama angeitwa mshonaji, basi mshono wenyewe usiwe na la kusemwa. Alisugua kingo kwa nta mpaka zikang'aa, akatia bizimu, akafunga mkanda.

Lori lilipopiga honi nje, aliuweka mkoba mapajani mwa Baba.

"Huu hapa. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Una mstari, nauona, usinionyeshe. Sikutia nyeusi. Kama muhuri unaondoka, uondoke, lakini mimi kesho asubuhi nakata ngozi nyingine, na keshokutwa nyingine, mpaka nichoke, na sichoki."

Baba aliufungua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akakifunga. Aliupitisha mkono ule juu ya mshono wote, akavuta mkanda, akanusa ndani. Mwishowe kidole chake kikafika kwenye mstari, kikaufuata kutoka upande mmoja hadi wa pili, taratibu, kikarudi. Kaka alikuwa ameingia, akaona nyuso zao, akaja kusimama nyuma ya Gundi.

"Niteremshie ule," Baba alisema, bila kugeuka.

Gundi aliutoa mkoba kwenye msumari. Ulikuwa na vumbi la miaka. Baba aliupokea, akauweka kando ya ule mwingine, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Gundi kumwona akiushika.

"Huu niliupaka siku mama yenu alipoanguka," alisema. "Nyinyi mlikuwa shule. Alikuwa anafua hapo nje. Watu wakaja kugonga mlango. Huyu jirani ndiye aliyegonga, mwulizeni. Nikasema ngojeni nimalize. Nilikuwa nimefika nusu." Akaupangusa vumbi kwa kiganja. "Nikamaliza. Komeo lilikuwa limefungwa, wasingeweza kuingia kunivuta. Nilipofungua walikuwa wameshambeba hospitali, na nilipofika hospitali hapakuwa na wa kusema naye."

Redio ilikuwa imezimwa. Gundi alisikia saa za jirani zikigonga upande wa pili wa ukuta, kila moja kwa wakati wake.

"Haukuwa na kosa," Baba alisema. "Nimeutafuta kosa miaka yote hii. Hauna. Lakini muhuri nilishindwa kuupiga. Mkono ulikataa, na siku hizo ulikuwa mzima." Akapanua kiganja cha kushoto juu ya viganja vya kahawia vilivyokuwa kwenye shati lake. "Jana nilipokwambia uendelee, nilikuwa nakuombea usinisikie."

 Gundi akalia, na safari hii hakupima kiasi. Kaka alimshika bega.

"Acha kulia, utalowesha ngozi," Baba alisema, lakini naye macho yake yalikuwa yamejaa. Alichomoa muhuri mfukoni, akausimamisha juu ya kifuniko kwa mkono wa kushoto.  "Mimi nashika. Nyundo ni yako. Mara moja tu, usinisagie vidole."

"Hapo ni juu ya mstari, Baba."

"Ninaona ni wapi. Piga."

Akapiga. Muhuri ulipoinuliwa, sindano mbili zilikuwa zimepishana juu ya mstari ule, zimezama vizuri.

Wifi alikuwa amempa kaka amletee shati jingine la safari, lakini Baba alikataa kubadilisha. Alisema dawa zake, miwani na redio viingie katika mkoba ule wenye mstari, na kama kuna anayebisha abishane na kiti. Akauning'iniza kwenye bega zima. Ule wa msumarini aliuacha mezani.

"Na huu?" Gundi aliuliza.

"Uuze. Mgawie mtu. Ukatekate utengeneze vitu vidogo. Ngozi yake ni nzuri." Kisha akamwekea muhuri kiganjani na kuukunja ule mkono wa binti yake kwa mkono wake. "Fundi," alisema, akatoka akiburuza mguu.

Lori lilipopinda kona, Gundi aliingia chumba cha nyuma akiwa na bisibisi. Komeo lilikuwa limeshikwa kwa skrubu nne. Tatu zilitoka kwa adabu. Ya nne ilikuwa na kutu na ukaidi wa mwenye nyumba wa zamani, akaitukana, akaipaka mafuta, akaegemea bisibisi kwa uzito wake wote, na fundi saa akaja kuuliza kelele hizo za nini. Alimwambia ashike mlango, asisogee. Skrubu ilipotoka alilitupa komeo kwenye kopo la vyuma chakavu, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akaanza kunoa kisu.